Ungo Usiokwisha wa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, kale ya wanyama wenyewe, walipokuwa na nyumba na majiko na wakwe wa kuwasumbua, palikuwa na kijiji chini ya kilima cha mawe. Katika kijiji hicho aliishi Kifaru na mkewe, Mama Ngao. Nyuma ya nyumba yao, kwenye ufa wa jabali, aliishi Bi Pimbi.

Pimbi mnamjua? Wewe unayetikisa kichwa, unamjua? Humjui. Basi acha kutikisa kichwa. Pimbi ni mnyama mdogo, mnene kama kifurushi, hana mkia, hana pembe, makazi yake mawe. Ukipita karibu humwoni. Lakini mdomo anao.

Sasa sikilizeni, maana sirudii.

Mwaka uliotangulia, mto ulichukua watoto wawili, wakafa. Nasema hivyo hivyo bila kuzunguka. Kijiji kilikuwa na desturi ya kuwavusha watoto kwenda ng'ambo kulamba chumvi. Madume wawili wakubwa walisimama ndani ya maji, Kifaru upande wa juu, Nyati upande wa chini, na watoto wakapita katikati yao kama wanapita kwenye ukumbi wa nyumba. Siku hiyo maji yakaja ghafla, vuuu! na gogo kubwa ndani yake. Yalipopungua, Ngao mtoto wa Kifaru hayupo. Sikitu binti wa Nyati hayupo.

Watu wakalia, wakakaa matanga. Siku ya kuanua matanga akasimama mzee wa kijiji, Tembo, akasema, "Matanga yameanuliwa. Kuanzia leo wenye pembe wasionekane na machozi. Na majina ya watoto tuyaache yapumzike."

Wakatii. Hata Mama Ngao, watu wakaacha kumwita Mama Ngao. Wakamwita "shemeji", au "dada", au "wewe mama wa pale". Walidhani wanamhurumia.

Na wale madume? Kifaru alikaa mlangoni kwake akitazama ukuta. Chakula kikaletwa, kikapoa, kikarudishwa. Nyati naye hakulala, akawa mkali, akavunja vyungu mpaka mkewe akawa anapikia kwenye kigae. Na tangu siku ile hawakusemeshana. Kifaru akimwona Nyati kisimani, anageuza njia. Nyati akimwona Kifaru, anageuza njia. Kijiji kikasema wamegombana. Waongo wakubwa! Hawakuwa wamegombana. Ni kwamba hakuna aliyewauliza.

Asubuhi moja Mama Ngao akaja kwa Bi Pimbi.

"Hodi, shoga."

"Karibu. Kaa, lakini usinikanyagie karanga."

Maana karanga zilijaa kila mahali. Ulikuwa wakati wa kutayarisha mbegu, na Bi Pimbi alikuwa na ghala zima ndani ya jabali, na vijikono kama vya panya.

"Shoga," Mama Ngao akasema, "baba wa nyumbani kwangu amefunga mzigo."

"Anasafiri?"

"Anakwenda Nyika ya Majivu."

Bi Pimbi akaacha kumenya. Nyika ya Majivu haina maji wala jani. Mnyama anayekwenda kule haendi kutembea. Anakwenda asirudi.

"Lini?"

"Mvua ya kwanza ikidondoka. Anasema hawezi kuusikia mto ukijaa tena."

Wote wawili wakatazama juu. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa mashariki.

"Umezungumza naye?"

"Mpaka koo limekauka! Ananiambia, 'Wewe hukuwa majini.' Tembo naye kaja, kamwambia, 'Jikaze, wewe ni dume.' Basi kajikaza. Kajikaza mpaka tonge halipiti."

"Wewe hukuwa majini," Bi Pimbi akarudia polepole. "Na nani alikuwa majini?"

"Si Nyati! Lakini hao hata salamu hawapeani."

"Ehee." Bi Pimbi akajikuna kidevu. "Shoga, nenda nyumbani. Kesho namwazima mumeo."

"Umwazime wa nini?"

"Anisaidie kumenya karanga."

"Kifaru? Karanga?" Mama Ngao akamtazama rafiki yake kama mtu aliyepigwa na jua. Lakini akaenda.

Hapa lazima niwaeleze jambo, na asiyesikiliza atapotea. Karanga za kula unaweza kuziponda ponda ukapepeta maganda. Karanga za mbegu hapana. Zinamenywa kwa mkono, moja moja, zisivunjike. Na kijiji kile kilikuwa na sheria yake: aliyekaa kwenye ungo wa mbegu hainuki mpaka ungo umekwisha. Akiinuka kabla, shamba halioti, na lawama ni yake mpaka msimu mwingine. Sheria hiyo iliwafunga wote, mkubwa kwa mdogo.

Bi Pimbi akaenda mbio mpaka mlangoni kwa Kifaru. "Shemeji! Shemeji Kifaru!"

"Ondoka."

"Sikuja kwa ajili yako."

Kifaru akageuza sikio moja. Mwaka mzima kila aliyekuja alikuja kwa ajili yake, kumwambia ale, kumwambia asimame, kumwambia awe dume. Huyu hakuja kwa ajili yake!

"Umekuja kwa ajili ya nani?"

"Nyati. Nyati anaumwa, shemeji. Halali. Anavunja vyungu. Kesho anakuja kwangu kumenya karanga, angalau mikono yake ipate kazi. Na mimi naogopa kukaa naye peke yangu. Akikasirika akanikanyaga, pwaa! Nimekwisha. Njoo ukae naye. Mwenye nguvu za kumzuia ni wewe tu."

"Nyati hataki kuniona."

"Mtu anaumwa, wewe unazungumza habari ya kutaka na kutotaka?"

Kifaru akatazama mzigo wake. "Mimi ni msafiri," akasema.

"Mvua imenyesha?"

"Bado."

"Basi ni kesho tu. Njoo, muulize kama amekula. Muulize usingizi. Ukimwona kanyamaza sana, mguse bega. Ila usimwambie kwamba anaumwa, hapendi."

"Hm," Kifaru akasema. "Maskini Nyati."

Bi Pimbi akatoka pale mbio, tiki tiki tiki, mpaka kwa Nyati. Akamwambia Nyati maneno yale yale. Akabadilisha jina tu, na badala ya vyungu akataja chakula.

"Maskini Kifaru," Nyati akasema. "Nitakuja."

Sasa, mimi uongo siupendi, na huo nilitaka kuuita uongo. Lakini ngojeni. Nyati alikuwa haumwi? Alikuwa anaumwa. Kifaru alikuwa haumwi? Alikuwa anaumwa. Basi mimi sijui niuite nini. Tuendelee.

Kesho yake Bi Pimbi akaweka ungo mkubwa juu ya jiwe bapa, umegusa jabali. Juu kidogo ya ungo palikuwa na ufa, na nyuma ya ufa ndiko lilikokuwa ghala lake. Ufa akauning'inizia gunia.

Kifaru akafika. Nyati akafika. Wakaonana.

"Bwana Kifaru."

"Bwana Nyati."

Wakakaa, ungo katikati, kila mmoja akitazama kwato zake. Kifaru akachukua karanga ya kwanza. Pwasha! Ikawa unga.

"Polepole, shemeji! Hiyo ni mbegu, si adui," Bi Pimbi akasema. "Haya, mimi nakwenda kuchota maji." Akapotelea nyuma ya jabali.

Wakamenya. Ta. Ta. Pwasha! Ta.

Kifaru akakohoa. "Umekula leo?"

"Nimekula," Nyati akajibu. "Na wewe je, umekula?"

"Mimi sina neno. Nakuuliza wewe."

"Na mimi nakuuliza wewe."

Ta. Ta.

"Usingizi je, ndugu yangu?" Nyati akauliza kwa sauti laini, ile ya kumsemeshea mtoto mchanga. "Unaupata?"

"Mbona unazungumza nami hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kama umenipakata!"

"Tulia, tulia. Usikasirike. Hasira si nzuri kwako."

"Nani kakasirika?" Kifaru akanguruma mpaka ungo ukaruka. Kisha akakumbuka kwamba mwenzake ni mgonjwa. Akashusha sauti. "Hapana, bwana. Sikukasirika. Wewe ndiye usikasirike."

Wote wawili wakaona sasa ndio wakati wa kumgusa mgonjwa bega. Wakainama kwa pamoja. Ngo! Pembe kwa pembe.

"Samahani."

"Samahani wewe."

Cheka, cheka, hapo unaruhusiwa.

Bi Pimbi akapita na kibuyu cha maji. Kifaru akamnong'oneza, "Hali yake ni mbaya. Anadhani mgonjwa ni mimi!"

"Mvumilie, shemeji."

Akazunguka upande wa pili. Nyati akamnong'oneza, "Bi Pimbi, Kifaru amekwisha. Anadhani mgonjwa ni mimi!"

"Mvumilie, bwana."

Akaingia ghalani tena. Na kila wale wawili walipoinua macho kutazamana, mkono mdogo ulitoka chini ya gunia ukamwaga karanga unguni, chururu. Wamenye, wamwagiwe. Wamenye, wamwagiwe.

Jua likapanda, likasogea. Kisha kwa mbali, upande wa mashariki, ikasikika radi. Gurururu.

Mikono ya Kifaru ikasimama. Akatazama ungo ili mwenzake asimwone. Na hapo ndipo alipoona mikono ya Nyati. Nayo ilikuwa imesimama, karanga moja nusu imemenywa.

"Nyati," Kifaru akasema. "Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Unausikia?"

"Kila siku," Nyati akasema. "Hata kiangazi, mto mkavu, watu wanapita ndani yake na kwato kavu. Mimi nausikia."

"Mimi nilidhani ni mimi peke yangu."

Ta. Nyati akamenya moja. Ta. Kifaru akamenya moja. Wakiwa wanatazama karanga, si kutazamana, Kifaru akayasema yale ambayo mwaka mzima yalikuwa yamemkaa kooni.

"Niliteleza, Nyati. Gogo lilikuwa linakuja kifuani kwangu. Ningesimama, lingeishia hapo. Mguu ukateleza, likapita. Najua unanilaumu. Sikitu wako alikwenda kwa sababu ya mguu wangu."

Nyati akaacha karanga. "Mimi nikulaumu wewe? Mimi? Kifaru, walipita chini ya kifua changu! Wote wawili! Povu liliniingia machoni, nikafumba. Nilipofumbua, wamekwisha kupita. Nikasema, Kifaru akiniona atasema, huyu ndiye aliyefumba macho. Ndiyo maana naikwepa njia yako."

"Mimi ndiye ninayeikwepa yako!"

"Nilidhani unanichukia."

"Nilidhani wewe ndiye unayenichukia."

Kifaru alikuwa analia. Machozi makubwa yalidondoka unguni, to, to. Akajifuta haraka. "Mwenye pembe haonekani na…"

"Nani anakuona hapa?" Nyati akasema, na yeye analia. "Tembo yuko wapi? Tembo alikuwa majini? Lia, ndugu yangu. Karanga hazina mdomo."

Wakalia wakimenya. Baadaye Kifaru akavuta kamasi, akasema, "Ngao alikuwa akipiga chafya, anakaa chini. Kila chafya. Puu! Kakaa."

Nyati akacheka kwa mshtuko, kama mtu aliyekuwa amesahau kucheka kunaanzia wapi. "Sikitu alikuwa anajificha kichwa kwenye nyasi, makalio yote nje. Unamwita, anakujibu, 'Sipo!'"

"Sipo!"

"Sipo, baba!"

Wakacheka mpaka maganda yakapeperuka. Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amewatajia majina hayo.

"Mimi asubuhi ndiyo mbaya zaidi," Nyati akasema walipotulia. "Naamka, najiambia, aa, lala tu."

"Mimi ni jioni. Jua likishuka, basi."

"Basi asubuhi njoo unigongee mlango. Usiniambie kitu. Gonga tu, twende kisimani. Jioni nitakugongea wewe."

Kifaru akafikiri. "Na nisipotaka kufungua?"

"Nitavunja mlango. Vyungu nimevunja, mlango utanishinda?"

Kifaru akatabasamu, akanyoosha mkono unguni. Akasita. Akatazama ungo, akatazama rundo la maganda lililomfika magotini.

"Nyati. Mbona ungo haupungui?"

"Na mimi nilikuwa nashangaa."

Wakalitupia gunia jicho la pembeni, wakajifanya wanatazamana. Gunia likatikisika. Mkono mdogo ukatoka, umejaa karanga.

Kamata!

"Yalaaa!" Bi Pimbi akavutwa nje, akawa ananing'inia hewani mbele ya pembe mbili, moja ya Kifaru na nyingine sijui ya nani, maana alikuwa amefumba macho.

"Wewe kidude!" Kifaru akafoka. "Uliniambia Nyati anaumwa!"

"Na mimi uliniambia Kifaru anaumwa!" Nyati akafoka.

"Kwani uongo?" Bi Pimbi akapiga kelele huku miguu ikicheza hewani. "Wewe Nyati, unalala?"

Nyati akainamisha pembe. "Silali."

"Shemeji, unakula?"

"Sili."

"Basi niteremsheni! Ningekuja kukwambia wewe ndiye mgonjwa, shemeji, ungenifanya nini?"

"Ningekukanyaga."

"Si unaona!"

Kifaru akamtazama kwa muda mrefu. Pua zikamvimba, mbavu zikapanda. Bi Pimbi akaanza kuwaaga ndugu zake kimoyomoyo. Lakini kilichotoka kilikuwa kicheko. Akamteremsha, polepole, kama anaweka yai.

"Na karanga?" akauliza. "Ilikuwa lazima umalize ghala zima?"

"Shemeji, mngemaliza ungo mngeinuka. Na mimi," Bi Pimbi akajikung'uta vumbi, "mbegu nilikuwa nazihitaji kweli."

To!

Tone moja likaanguka katikati ya ungo. To! Jingine, kwenye pembe ya Kifaru.

Ilikuwa mvua ya kwanza. Kule chini nyumbani, Mama Ngao alitoka jikoni mbio, akasimama karibu na mzigo uliofungwa mlangoni, mikono kichwani.

Kifaru akatazama mawingu. Kutoka bondeni sauti ikaanza, ndogo kwanza, kisha ikakua. Vuuu. Mto.

"Shemeji," Bi Pimbi akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kama mwili wake. "Safari yako…"

Kifaru akatazama ungo. Ulikuwa umejaa pomoni.

"Ungo haujaisha," akasema.

Wakauvuta ndani, chini ya ukingo wa jabali. Mvua ikamwagika. Mto ukanguruma.

"Unausikia?" Nyati akauliza.

"Nausikia. Wewe?"

"Nausikia."

"Basi menya."

Ta. Ta. Ta. Wala hakuna iliyopasuka.

Ungo ulikwisha jua likikaribia kuzama. Nyati akamsindikiza Kifaru mpaka nyumbani, kwa kuwa jioni ndiyo mbaya. Mama Ngao alikuwa bado mlangoni, amelowa, ameukalia ule mzigo ili usiondoke peke yake.

Kifaru akasimama mbele yake. Akauinua mzigo, akalifungua fundo, mkeka ukaanguka, kibuyu kikaanguka.

"Mama Ngao," akasema. "Kuna chakula?"

Yule mama alishika nguzo ya mlango. Lilikuwa jina lake, na kwa mwaka mzima hakuna aliyemwita hivyo.

"Kipo, Baba Ngao," akasema mwishowe. "Kipo."

"Pakua na cha Nyati. Huyu naye hajala, ila anajifanya mzima."

Asubuhi yake mlango wa Nyati ukagongwa, ngo ngo ngo. Jioni ukagongwa wa Kifaru. Na Tembo aliposikia kwamba wenye pembe wanakaa unguni wakitaja majina ya marehemu na kulia mchana kweupe, alikuja kufoka. Akakaribishwa akae. Akakaa. Akamenya moja, akamenya mbili, kisha akaanza habari za marehemu mama yake.

Bi Pimbi akajaza ungo.

Ungo wa kwangu umekwisha, na funzo lake ni hili: lililokulemea moyoni mwambie aliyewahi kulemewa nalo, kwa maana huyo hatakuambia jikaze, atasogea akae nawe.